Noah ya mwaka 1999 kama chumba cha safari: tathmini baada ya miaka miwili

Kwa miaka miwili sasa mimi na mke wangu tumekuwa tukisafiri na kulala ndani ya Toyota Noah ya mwaka 1999, lile umbo la zamani ambalo hakuna Mtanzania asiyelifahamu. Tumelala humo katika joto la Pangani, katika upepo wa Lushoto na katika baridi ya Njombe mwezi wa Julai, na nimepata sababu za kutosha za kulisifu gari hili na sababu chache za kulilaumu. Tathmini hii inahusu mambo mawili yasiyotenganishika: gari lenyewe, na kazi ya kuliondoa viti na kulitia kitanda, friji na umeme wa sola. Niseme mapema kwamba gari ningelinunua tena kesho, lakini kazi ya umeme niliyolipia mara ya kwanza nisingeipokea hata kwa bure.

Tulianza na swali la ukubwa. Tulitaka gari ambalo mke wangu angeliendesha mjini bila kulalamika, ambalo lingeegeshwa penye nafasi ya gari dogo, na ambalo mtu angeweza kulala ndani yake akiwa amenyoosha miguu. Sharti la mwisho huonekana dogo mpaka mtu alale siku tatu amekunja magoti.

Wa kwanza kufikiriwa alikuwa Suzuki Every, ndugu wa ile Carry tunayoiita Kirikuu. Bei yake inavutia na mafuta yake ni kidogo, lakini sheria za Japani za magari ya daraja hilo zinaiwekea mwisho wa urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660, na ile iliyosajiliwa kubeba mizigo haivuki kilo 350. Kwa kijana anayesafiri peke yake katika nchi ya tambarare inatosha kabisa. Kwa watu wawili wenye maji, chakula na godoro, wanaotaka kuupanda Mlima Kitonga nyuma ya malori yaendayo Tunduma, niliona nitakuwa nauomba mlima huruma.

Wa pili alikuwa Hiace ya umbo lililotoka mwaka 2004. Hilo ndilo gari ambalo wengi wangelichagua, na ukiwa na fedha sina hoja ya kukuzuia, kwa maana nafasi yake ya ndani haina mshindani na spea zake zipo kila mji wenye stendi. Tatizo ni bei, kwa sababu gari hilo linagombaniwa na wafanyabiashara wa daladala, nasi tungelipia thamani ya gari la kuingiza nauli huku hatuna nia ya kubeba abiria hata mmoja. Wa tatu alikuwa Mazda Bongo Friendee, ambayo jina lake peke yake lingetosha kuliuza hapa Bongo. Gari hilo lilitoka mwaka 1995 likiwa na chaguo la paa linaloinuka kwa umeme na kufanya chumba cha kulala watu wawili juu, na Waingereza wengi wameligeuza kuwa nyumba za safari. Moyo wangu ulikuwa hapo. Hata hivyo nilipopita Gerezani na Ilala kuulizia vipuri vyake, jibu nililopata mara nyingi lilikuwa kwamba vitaagizwa. Tena injini yake, iliyofichwa chini ya viti vya mbele, haina uvumilivu maji ya rejeta yanapopungua, kiasi kwamba wamiliki wengi wa Uingereza huifungia kengele ya kuonya maji yakishuka. Gari la kulala porini haliwezi kuwa gari la kusubiri kipuri kutoka nje.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye Noah. Umbo hili liliuzwa Japani kati ya mwaka 1996 na 2001 kwa majina ya TownAce Noah na LiteAce Noah, na lilibuniwa ndani ya mipaka ya daraja la magari madogo ya Japani, yaani urefu usiozidi mita 4.7, upana usiozidi mita 1.7 na kimo kisichozidi mita 2. Maana yake ni kwamba kwa nje ni gari jembamba linalopita vichochoro vya Kariakoo, lakini kwa ndani sakafu yake ni bapa na ndefu, kwa sababu injini imewekwa chini ya viti vya mbele badala ya kula nafasi puani. Injini ya petroli ya 3S-FE, yenye ujazo wa lita 2, ni ya kizamani kwa maana nzuri ya neno hilo. Umbo lililofuata, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2001, lilikuja na injini ya D4 inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na fundi yeyote wa barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya atakueleza, pengine kwa maneno makali kuliko haya yangu, kwa nini hapendi kuifungua akiwa chini ya mwembe. Ya zamani anaifungua.

Wanaotafuta ile yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambayo namba yake ya chasisi huanza na SR50, wanapaswa kujua jambo moja ambalo wauzaji hawalitangazi. Magari ya aina hiyo Japani hupendwa zaidi katika mikoa yenye theluji, na barabara za huko humwagiwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi hiyo hula bodi kwa chini. Nilitazama Noah tano kabla ya kununua, zote zikiwa na rangi ya kung'aa, na katika mbili kati ya hizo niliweza kuchoma bisibisi kwenye chuma cha chini ya mlango. Lala chini, tumia tochi, na usione haya kuchafua shati. Angalia pia tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno marefu na umri wa miaka kumi ni tairi ya kuchezea bembea.

Baada ya kununua, kosa letu la kwanza lilikuwa la tamaa. Fundi seremala alituchorea kabati la mninga lenye sinki, tangi la maji la lita 80, droo sita na meza ya kukunja, nasi tukaupenda mchoro huo kwa sababu ulifanana na jiko la nyumbani. Kilichotuokoa ni hesabu ya uzito. Japani huhesabu kila abiria kwa kilo 55 katika uzito wa jumla wa gari, na kwa kuwa Noah hii ilisajiliwa kwa watu wanane, mzigo uliokusudiwa na watengenezaji, pamoja na dereva, ni kilo 440. Ukiondoa safu mbili za viti unarudishiwa kilo kadhaa, lakini tangi la lita 80 peke yake ni kilo 80, kabati lile la mninga lingekaribia kilo 90, na mimi na mke wangu, kwa heshima zote, si vijana wa sekondari.

Nilichukua vitu vyetu vyote hadi kwa mnunuzi wa mahindi wa mtaani kwetu na kumwomba anipimie kimoja kimoja kwenye mizani yake ya magunia. Alidhani nahama. Kitanda cha plaiwudi ya milimita 12 chenye miguu ya skwea paipu ya alumini kilikuwa kilo 34, godoro kilo 9, friji ikiwa na chakula kilo 24, madumu mawili ya maji kilo 40, mtungi wa gesi na jiko lake kilo 14, paneli ya sola na vishikizo vyake kilo 10, betri kilo 12, spana na jeki na tairi la pili la akiba kilo 25, nguo na vyakula vikavu kama kilo 40. Jumla ni kilo 208, na pamoja nasi wawili tunafika 346. Zimebaki kilo 94 za kuja na viazi vya Njombe na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na nimeona gari linavyokaa sawa barabarani kwa sababu hiyo. Noah nyingine nilizozikuta zimegeuzwa kwa mbao nzito huinamia nyuma kama mbwa aliyekaa, na taa zake usiku humulika vilele vya miti.

Kitanda chenyewe kina urefu wa sentimita 185 viti vya mbele vikisogezwa mbele kabisa, na upana wa 120. Tulikubaliana na seremala wa pili, kijana mwenye subira, kwamba hatatoboa bodi hata tundu moja. Fremu nzima imefungwa kwenye matundu yaleyale yaliyoshika viti, kwa bolti za kichwa cha spana namba 14, na kwa hiyo kitanda kizima hutoka kwa kazi ya nusu saa. Uamuzi huu una faida ambayo sikuifikiria mwanzoni: matundu hayo yametengenezwa kushikilia viti vyenye watu gari linapogongwa, hivyo ubao wa kilo 34 hauwezi kuruka na kutufuata kisogoni tukifunga breki kwa ghafla. Chini ya kitanda kuna uwazi wa sentimita 32. Tungeweka 38 tungepata nafasi zaidi ya mizigo, lakini tusingeweza kukaa kitandani bila kuinamisha shingo, na mvua ya saa nne mfululizo kule Lushoto ilitufundisha kwamba mtu hulitumia gari kwa kukaa kuliko kwa kulala.

Sasa nije kwenye umeme, ambao ndio uliotutesa. Fundi umeme wa kwanza alikuwa na gereji nadhifu na maneno matamu. Alitufungia betri ya kawaida ya sola ya ampea-saa 100 nyuma ya kiti cha dereva, akapitisha waya hadi kwenye soketi ya friji kule nyuma, akafunika kila kitu kwa kapeti, akapokea fedha yake. Safari ya kwanza, usiku wa kwanza, friji ilizima saa saba. Ikawaka yenyewe baada ya dakika chache, ikazima tena, na asubuhi tulikuta samaki wa Pangani ananuka huku kipimo cha betri kikionyesha kwamba umeme upo zaidi ya nusu. Nilirudi kwa fundi mara mbili. Mara ya kwanza alisema friji ni mbovu, mara ya pili akasema betri ni ndogo, na katika mara zote mbili dawa yake ilikuwa mimi ninunue kitu kingine kutoka dukani kwake.

Dawa halisi ilipatikana kwa kipimo cha volti ambacho bei yake haizidi mlo wa watu wawili. Friji ikiwa inafanya kazi, kwenye vichwa vya betri nilisoma volti 12.4, na kwenye soketi ya friji nikasoma 11.7. Volti 0.7 zilikuwa zinapotelea njiani. Friji za kompresa za magari zina ulinzi unaozizima volti zikishuka, ili zisiue betri ya kuwashia gari, na yetu ilikuwa imewekwa kwenye kiwango cha juu cha ulinzi huo; kwa hiyo ilikuwa inaona betri imekwisha wakati betri ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye waya. Alitumia waya wa milimita 1 ya mraba kwa umbali wa mita 3, na umeme huenda na kurudi, yaani mita 6 za shaba nyembamba zikipitisha ampea 5. Hesabu yake haihitaji chuo: waya huo hupoteza zaidi ya nusu volti kabla hata hujaongeza ulegevu wa soketi ya kuwashia sigara aliyoifunga. Nilinunua waya wa milimita 4 za mraba, nikaondoa soketi ile na kuweka kiungo cha kubana kwa skrubu, na hasara ikashuka hadi chini ya volti 0.2. Friji ileile, betri ileile, haijazima tena.

Nilipofunua kapeti nikakuta mengine mawili ambayo yananipa jasho hata leo. Fyuzi ilikuwa imefungwa upande wa friji badala ya upande wa betri, na hivyo mita zote tatu za waya hazikuwa na ulinzi wowote. Waya ungechubuka na kugusa bodi popote katikati, hakuna ambacho kingekata umeme isipokuwa moto wenyewe. Tena waya huo ulikuwa umepitishwa juu ya kifuniko cha injini. Katika gari ambalo injini iko chini ya viti vya mbele, hapo ndipo mahali pa moto kuliko pote ndani ya bodi, na plastiki ya waya ilikwisha kuanza kulainika. Kwa hiyo nashauri jambo moja kwa mwenye Noah, Bongo au gari lolote la mpangilio huo: betri ya pili ikae nyuma, juu ya tao la gurudumu, fyuzi iwe karibu na kichwa cha betri kadiri mkono unavyoweza kufika, na fundi asilipwe fungu la mwisho kabla hujaona waya kwa macho, kapeti likiwa wazi.

Baadaye tulibadili betri na kuweka ya lithiamu ya aina ya fosfati, si kwa sababu ile ya kwanza ilikufa bali kwa sababu ya mizani ya yule mnunuzi wa mahindi: ya kwanza ilikuwa kilo 29, hii ni 12, na wakati betri ya risasi, kama ile ya kwanza, haifai kushushwa chini ya nusu ukitaka idumu, hii hutumika karibu yote. Ni watisaa 1,280, yaani wati zikizidishwa kwa saa, kwa maelezo ya karatasi. Friji yetu ya lita 40, katika joto la pwani ambapo kompresa hufanya kazi karibu nusu ya siku, hula watisaa 600 hadi 700 kwa saa 24. Paneli ya wati 150 iliyo juu ya paa hutupatia siku njema kama watisaa 550, na chini ya mwembe haitupatii kitu. Ndiyo kusema, pwani, jua na kivuli vikipokezana, tunaweza kukaa siku tatu bila kuwasha gari, na siku ya nne lazima tusogee. Kuna chaja inayochota ampea 20 kutoka kwa jenereta ya gari tukiwa njiani, na saa tatu za safari hurudisha zaidi ya nusu ya betri. Njombe, ambako usiku friji yenyewe huonekana kama kitu cha anasa, hatujawahi kufikiria habari za umeme.

Joto na mbu ni suala moja, kwa kuwa anayefungua dirisha kwa ajili ya joto anawafungulia mbu. Tulishona nyavu za chandarua zenye sumaku pembeni kwa madirisha mawili ya mbele na kipande kikubwa cha kufunika mlango wa nyuma ukiwa umeinuliwa, kazi ambayo fundi cherehani aliimaliza kwa siku moja na ambayo, kwa thamani ya fedha, ndiyo ununuzi bora kuliko wote. Feni ndogo ya volti 12 huvuta hewa kutoka mlangoni kuelekea mbele. Pamoja na hayo yote sitamdanganya mtu: usiku wa Februari huko Pangani, ndani ya gari la bati, ni usiku wa kulala kwa awamu. Paa tulilibandika povu jepesi lenye karatasi ya kung'aa, nalo limepunguza makali ya jua la asubuhi kuliko nilivyotarajia, lakini halifanyi lolote dhidi ya unyevu wa bahari. Kule juu tatizo hugeuka, na pumzi za watu wawili hugeuka matone kwenye vioo mpaka mashuka yanalowa, hivyo hata kwenye baridi tunaacha nafasi ya vidole viwili dirishani.

Kupika tunapika nje, chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa, ambao ni kibanda cha mvua kisicholipiwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia sakafuni kama maji, kwa hiyo mtungi wetu mdogo husafiri wima, umefungwa mkanda, kidhibiti chake cha gesi kimetolewa, na usiku hulala nje. Juu ya mkaa sina mzaha. Nimekutana na wasafiri wanaoingiza jiko la mkaa lililobaki na makaa ndani ya gari ili wapate joto huko Mbeya, wakidhani kwamba moshi ukiisha hatari imeisha, kumbe hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mazishi.

Kuhusu maji, madumu mawili ya lita 20, moja likiwa na bomba la plastiki chini, yameshinda kila pampu niliyoonyeshwa dukani. Choo hatuna, tunapanga vituo.

Na vituo vipo. Barabara kuu ya kusini imebarikiwa katika hilo, kwani kilomita kama 50 baada ya Iringa kuelekea Mafinga lipo shamba la Kisolanza, ambalo wasafiri wa magari kutoka Cape Town na Nairobi wamekuwa wakipiga kambi kwa miaka mingi, na upande wa kaskazini kuna Irente huko Lushoto na kambi za ufukweni kati ya Tanga na Pangani. Tukifika mji usio na kambi huomba kulala ndani ya uzio wa nyumba ya wageni, tukilipia bafu, na hatujakataliwa zaidi ya mara moja. Hatulali pembezoni mwa barabara.

Barabarani Noah hii haina haraka. Hupanda Kitonga kwa gia ya pili bila kulalamika na bila sindano ya joto kusogea, mradi rejeta iwe safi na maji yake yawe yale ya rangi, si ya kisimani. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hukatiza kwa kilomita 50 na vibao huorodhesha faini ya kila mnyama anayegongwa, mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndio mwendo unaolipendeza gari lenyewe. Kwa lita moja tunapata kilomita 9 tukiwa na mzigo wote, na hili ni lalamiko, kwa sababu gari jipya la ukubwa huu lingekwenda mbali zaidi. Breki za kushuka milima nazo zinahitaji dereva anayetumia gia.

Kasoro ambayo sikuisoma popote ni ya kijamii. Katika mikoa mingi Noah ni gari la abiria, na kwa hiyo kila kituo watu hutupungia mkono. Mombo, tukiwa tumesimama kununua machungwa, mama mmoja mwenye tenga la nyanya alifungua mlango wa pembeni kwa haki yote, akaweka tenga juu ya kitanda, akatutazama, akasema, "Shikamooni. Kumbe mnalala humu?" Tulimpeleka Lushoto akiwa amekaa kitandani, na nyanya zake tulizila siku mbili.

Kuna kasoro nyingine za kawaida. Yetu ina vioo viwili vya paa, ambavyo usiku hutuonyesha nyota na mvua ikinyesha hutuonyesha maji, kwa sababu mirija inayotoa maji pembeni mwa vioo hivyo huziba kwa vumbi na ni lazima ipulizwe kila baada ya safari ya vumbi. Ningepata yenye paa la bati tupu ningeichukua hiyo. Joto la injini chini ya makalio ya dereva ni la kweli, hasa saa nane mchana kati ya Chalinze na Morogoro. Shokapu ya hewa inayoushikilia mlango wa nyuma ilichoka na mlango ukaniangukia kichwani mara mbili kabla sijabadili zote mbili. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, magurudumu manne yanayovuta hayakutusaidia kitu, maana tumbo la gari liko chini mno. Tulivutwa na trekta.

Kwa wanandoa au marafiki wawili wanaotaka kuzunguka nchi kwa barabara za lami na za changarawe, naipa Noah hii alama za juu, na kazi yote ya kuligeuza, pamoja na makosa niliyoyarudia, haikufika theluthi ya bei ya gari. Kwa familia yenye watoto haifai, kwa kuwa ukishaweka kitanda hiki hakuna mahali pengine penye mkanda wa kumfunga mtoto. Viti sita vya nyuma nimevifunga nailoni na kuviweka stoo pamoja na bolti zake kwenye kopo la maziwa. Siku tutakapoliuza, mnunuzi atataka kuvihesabu.